Laini ya ziada ya ekskaveta: mafuta yanayokwenda na yanayorudi

Breka, yaani nyundo ya haidroliki ya kuvunjia mwamba, inaponunuliwa kwa ajili ya ekskaveta ya tani 20, mazungumzo huwa marefu kuhusu uzito wake na unene wa tindo. Laini itakayoilisha huulizwa swali moja tu: mabomba yapo? Yapo, basi imekwisha. Miezi michache baadaye sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) zimechanika, oili imekuwa nyeusi, pampu inalia, na lawama anabebeshwa mwamba au kiwanda kilichoitengeneza breka. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Breka imekufa kwa kulishwa mafuta mengi mno, au kwa presha isiyo yake, au kwa sababu mafuta yaliyomaliza kazi hayakupata njia pana ya kurudi kwenye tanki. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa.

Laini ya ziada ni mzunguko wa haidroliki unaotoka kwenye pampu kuu, unapita kwenye spuli yake (fimbo inayoteleza kufungua na kufunga njia ya mafuta) ndani ya valvu kuu, unapanda bumu na mkono hadi kwenye kifaa kilichofungwa mbele, kisha unarudi. Mfano wetu mkuu ni breka, kwa kuwa ndiyo inayofungwa zaidi kwenye machimbo ya kokoto na kazi za barabara Afrika Mashariki, na ndiyo inayoutesa mfumo wa mafuta kuliko kifaa kingine chochote. Mkasi wa kukatia chuma, kucha ya kushikia mizigo, keekee ya kutoboa udongo na mashine ya kusagia vichaka vitaguswa pale vinapodai kitu tofauti.

Mtiririko na presha

Pampu haitengenezi presha. Inasukuma mafuta. Presha huzaliwa pale mafuta yanapokutana na ukinzani: pistoni inayopaswa kunyanyuliwa, chuma kinachopaswa kukatwa, au kona nyembamba ya bomba. Kwa hiyo mtiririko, unaopimwa kwa lita kwa dakika, ndio unaoamua kasi ya kifaa, na presha, inayopimwa kwa bar, ndiyo inayoamua nguvu. Opereta anayesema breka haina nguvu na anayesema breka inapiga polepole wanaelezea magonjwa mawili, na dawa ya moja huweza kuzidisha la pili.

Vikizidishwa pamoja vinatoa kazi. Chukua bar, zidisha kwa lita kwa dakika, gawanya kwa 600, jibu ni kilowati. Breka inayokula lita 150 kwa bar 170 inatumia kilowati 42.5. Hesabu hiyo hiyo inatumika kwa hasara: mafuta yakipoteza bar 30 kwa kupenya kwenye hozi nyembamba, lita 150 zinageuza kilowati 7.5 kuwa joto tupu, saa zote pedali inapokanyagwa. Fomula hii ndogo itarudi mara kadhaa, maana karibu kila kosa la laini ya ziada huishia kuwa joto.

Vibao vya vifaa huja na vipimo vya nchi mbalimbali, na makosa mengi huanzia hapo. MPa 1 ni bar 10. Kilo kwa sentimita mraba, inayoonekana sana kwenye mitambo ya Kijapani, inakaribiana na bar 1 (ni 0.98). Psi 1,000 ni bar 69, hivyo kibao cha Marekani kinachosema psi 2,500 kinataka bar 172. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ile ya Uingereza ni lita 4.546, galoni 40 kwa dakika ni lita 151 kwa Mmarekani na lita 182 kwa Mwingereza. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuiharibu breka.

Ekskaveta ina vingi kuliko breka inavyotaka

Komatsu PC200-8 ina pampu kuu mbili ambazo kwa pamoja hutoa hadi lita 439 kwa dakika, na valvu yake kuu ya kupunguza presha imewekwa kwenye MPa 37.3, yaani bar 373. Breka ya kawaida ya mtambo wa ukubwa huo, yenye tindo la milimita 140, hudai lita 120 hadi 180 kwa bar 160 hadi 180. Hata pampu moja tu ikiachiwa huru inazidisha. Mbili zikiunganishwa zinamwaga zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu cha breka.

Ndiyo maana laini iliyofungwa vizuri ina vidhibiti viwili vinavyojitegemea. Cha kwanza hupunguza mtiririko. Kwenye mitambo ya kisasa hufanyika kwenye skrini: kompyuta inapunguza presha ya paileti (mafuta madogo ya kuamuru) inayosukuma spuli ya laini ya ziada, spuli inafunguka kidogo, na pampu inajirekebisha kutoa kiasi hicho tu. Kwenye mitambo ya zamani kuna skrubu inayozuia mwendo wa spuli. Njia zote mbili ni nzuri kwa sababu mafuta yasiyohitajika hayasukumwi kabisa. Cha pili ni valvu ya kupunguza presha iliyo kwenye bandari (tundu la kutokea mafuta) ya laini ya ziada yenyewe, inayofunguka presha ikifika kikomo chake, ambayo mafundi huiita rilifu. Hiyo huwekwa bar 30 hadi 50 juu ya presha ya kazi ya breka. Kwa breka ya bar 170, rilifu iwe bar 200 hadi 220.

Nafasi hiyo ya bar 30 hadi 50 ina sababu. Presha ya breka haitulii. Inapanda na kushuka kwa kila pigo. Rilifu ikiwekwa karibu mno, kwa mfano bar 175, inafunguka kidogo kila mara, mafuta yanavuja pembeni, na breka inapiga kivivu huku oili ikichemka. Ikiwekwa mbali mno, siku pistoni itakapokwama presha itapanda hadi kiwango cha mtambo mzima, na kitakachokatika ni boliti ndefu zinazoshikilia breka, au mpira wa akyumuleta, chupa ya naitrojeni inayofyonza mishtuko.

Rilifu ikibaki wazi mfululizo, mafuta yote yanapita humo bila kufanya kazi. Lita 150 kwa bar 210 ni kilowati 52.5 za joto. Katika mfumo wenye lita 200 za oili, kwa hesabu tu na bila msaada wa rejeta, huo ni mpando wa nyuzi 9 hivi kwa dakika. Opereta anayeendelea kukanyaga pedali huku breka haipigi, akidhani itaamka, anapika oili.

Ipo njia moja ya kupunguza mtiririko ambayo haifai hata ikiwa inaonekana kufanya kazi: kufunga nusu ile valvu ya mpira, yaani ya tufe linalozunguka, iliyo mwishoni mwa mkono. Valvu hiyo ni ya kufungua kabisa au kufunga kabisa. Ikiachwa katikati, mafuta yanajipenyeza kwa kishindo, presha nyuma yake inapanda, joto linaongezeka, na tundu lenyewe linaliwa. Breka ikianza kupiga dhaifu bila sababu, kitu cha kwanza cha kutazama, kabla ya kushika spana, ni mikono ya valvu hizo mbili. Mitetemo huizungusha taratibu.

Njia ya kurudi

Ndani ya breka, mafuta huinyanyua pistoni, kisha njia inabadilika, naitrojeni iliyobanwa juu pamoja na mafuta huirusha chini, na mafuta yaliyotumika yanatoka kwa mkupuo kuelekea tanki. Yakikuta ukinzani njiani, presha inajaa upande wa kutokea na kuipinga pistoni inaposhuka. Breka inapata mtiririko sahihi, inapata presha sahihi, na bado inapiga kidogo. Presha hii ya nyuma ina kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha breka, na nyingi huwa kati ya bar 5 na 20. Ni kipimo ambacho karibu hakuna anayekipima, na kwa maoni yetu ndicho kinachoeleza nusu ya breka zinazoitwa mbovu.

Chanzo cha kwanza cha presha ya nyuma ni njia yenyewe. Laini iliyokusudiwa kucha au mkasi ni ya kwenda na kurudi: mabomba yote mawili yamefungwa kwenye spuli, na mafuta yanayorudi hupita tena ndani ya valvu kuu, kona baada ya kona. Kwa mkasi hilo halina shida. Kwa breka, inayopigisha mikupuo mamia kwa dakika, ni kikwazo kikubwa. Breka inataka njia moja ya kwenda, na bomba la kurudi linaloikwepa valvu kuu, linapita kwenye filta, na kuingia tanki chini ya usawa wa mafuta ili yasitoe povu. Mitambo iliyofungwa laini kiwandani ina valvu ya kugeuza inayofanya hivyo. Kwenye PC200-8 yenye laini hiyo, ukichagua hali ya B kwenye skrini, ya breka, kurudi hugeuzwa. Hali ya ATT ni ya vifaa vya kwenda na kurudi. Kwenye mitambo mingine valvu hiyo huzungushwa kwa spana pale kwenye mguu wa bumu, na mtu akifunga breka baada ya mkasi bila kuizungusha, hakuna taa itakayomwonya.

Chanzo cha pili ni upana. Kasi ya mafuta kwenye bomba, kwa mita kwa sekunde, hupatikana kwa kuzidisha lita kwa dakika na 21.2, kisha kugawanya kwa kipenyo cha ndani cha bomba kwa milimita kilichozidishwa kwa chenyewe. Upande wa presha inafaa isizidi mita 5 au 6 kwa sekunde. Upande wa kurudi mita 2 hadi 3. Kwa lita 150, bomba la milimita 25, lile la inchi moja, linatoa mita 5.1: sawa kwa kwenda, jembamba kwa kurudi. Milimita 32 inatoa 3.1, milimita 38 inatoa 2.2. Sasa angalia ile hozi ya robo tatu inchi, milimita 19, inayofungwa kwa haraka ile ya inchi moja ikipasuka na duka la karibu halina saizi: kasi inaruka hadi mita 8.8. Breka itapiga, lakini laini itaunguza mkono.

Chanzo cha tatu ni filta iliyoziba, na cha nne ni kaplingi za kuchomeka. Zile zenye uso bapa, za kiwango cha ISO 16028, ni safi na hazimwagi mafuta, lakini ndani zina springi na kidude kinachozuia njia. Kwa breka kubwa ni bora kaplingi za skrubu zenye njia pana, au hozi zifungwe moja kwa moja.

Kuna hatari nyingine upande huu. Kwenye laini ya kwenda na kurudi, opereta akikanyaga pedali upande wa pili, presha ya pampu inaingia kwenye bomba la kurudi. Kama huko kuna filta iliyofungwa kwa ajili ya breka, kopo lake halikujengwa kwa bar 200. Linapasuka. Pedali ya mtambo wenye breka ifungiwe kizuizi upande huo.

Hozi

Uimara wa hozi hutegemea tabaka za waya, na unapungua kadiri kipenyo kinavyoongezeka. Hapa ndipo maduka ya kubana hozi na wateja wao hukosana bila kujua. Hozi ya nyavu mbili, yenye maandishi 2SN, ikiwa ya inchi moja imeruhusiwa kufanya kazi kwa bar 165 tu. Kwenye laini ya breka yenye rilifu ya bar 210 na mishtuko juu yake, itapasuka, hata kama ni mpya na imebanwa vizuri. Ya inchi moja yenye tabaka nne za waya wa kuzunguka, 4SP, inabeba bar 280. 4SH inabeba bar 380. Kwa breka weka 4SP au zaidi upande wa kwenda. Kwa mkasi unaofanya kazi kwa bar 320 hadi 350, 4SH. Soma maandishi ya ubavuni kabla ya kulipa, kwa sababu kwa macho tu zote ni nyeusi na nene.

Urefu nao una maana. Ikunje baketi au breka hadi mwisho pande zote mbili kabla ya kukata. Hozi fupi hung'oka kwenye shingo. Ndefu mno hukwaruzwa na mwamba.

Vifaa vinavyodai mengine

Mkasi na kiponda zege vinataka kinyume cha breka: presha ya juu na, kwa kuwa taya huenda mbali kabla ya kugusa chuma, mtiririko mwingi wa kuzifunga haraka. Hapa pampu mbili huunganishwa kwa faida. Mkasi uliofungwa kwenye laini ambayo rilifu yake bado iko bar 200 ya breka hautakata nondo, na mwenye mtambo atanunua meno mapya bure. Kubadili kifaa bila kubadili mpangilio ni kosa kwa pande zote mbili, ila upande wa kutoka mkasi kwenda breka ndio unaovunja vitu.

Kucha inayozunguka inahitaji mzunguko wa pili, mdogo, wa lita 20 hadi 40, kwa ajili ya mota ya kuzungusha. Kuichukulia mafuta kutoka laini kuu bila kizuizi ni kuifanya ijizungushe kwa kasi ya kuvunja meno ya giya. Dole gumba la kushikia mawe ni rahisi kwa mtiririko, ila lina hitaji moja: baketi ina nguvu kuliko silinda ya dole, na opereta akibana jiwe kati ya viwili, baketi inaisukuma silinda hiyo kwa nguvu. Bila rilifu ya mshtuko kati ya silinda na spuli iliyofungwa, fimbo inapinda.

Keekee ya udongo inaonyesha hesabu ya mota vizuri. Mota yenye ujazo wa sentimita za ujazo 100 kwa mzunguko, ikipewa lita 60 kwa dakika, inazunguka mara 600. Giya ya 20 kwa 1 inalipa tindo mizunguko 30. Nguvu ya kuzungusha ni bar mara ujazo, gawanya kwa 62.8: kwa bar 180 mota inatoa Nm 287, na baada ya giya karibu Nm 5,700. Toa asilimia 10 hadi 15 za upotevu. Ukiongeza lita, inazunguka kasi zaidi na haiongezi hata chembe ya nguvu. Keekee inayokwama kwenye udongo wa mfinyanzi haihitaji mafuta zaidi. Inahitaji presha, au mota kubwa, au tindo jembamba.

Mota za pistoni, zinazotumika kwenye mashine za kusagia vichaka na za kukwangua lami, huleta laini ya tatu: dreni. Mafuta kidogo hupenya ndani ya mota ili kuilainisha na kuipoza, na lazima yatoke. Nyumba ya mota kwa kawaida haistahimili zaidi ya bar 2 au 3, hivyo dreni iende moja kwa moja tanki, bila kuunganishwa na bomba la kurudi ambalo lina bar kadhaa na mikupuo. Mtu akiiziba dreni kwa plagi kwa sababu mtambo hauna bandari yake, sili ya shafti inatoka ndani ya dakika chache. Dreni hiyo pia ni kipimo cha afya: izamishe kwenye ndoo yenye alama kwa dakika moja, na kiasi kikiongezeka mwezi hadi mwezi, mota inachakaa.

Mashine ya kusagia vichaka ina jambo moja zaidi. Rota yake nzito huendelea kuzunguka pedali ikiachiwa, na mota inageuka pampu. Spuli ikifunga ghafla pande zote, upande mmoja presha inalipuka na mwingine unakauka. Laini yake iwe na valvu inayoruhusu mafuta kuzunguka mota hadi rota itulie.

Kupima

Namba za kwenye skrini ni maagizo kwa kompyuta. Pampu iliyochakaa inaweza kuambiwa lita 150 ikatoa 110, na mtambo uliotumika Japani au Dubai kwa miaka kumi haupaswi kuaminiwa kwa neno lake. Kifaa kinachohitajika ni geji ya mtiririko yenye valvu ya kubana, geji ya presha ya bar 400, na geji ndogo ya bar 60 kwa upande wa kurudi. Ile kubwa isitumike upande wa kurudi, maana bar 12 haisomeki kwenye uso wa bar 400.

Pasha oili hadi nyuzi 50 au 60 kwanza. Oili baridi huonyesha presha ya nyuma ya uongo. Zima, toa presha iliyobaki (tutaeleza njia yake), funga geji ya mtiririko kati ya bomba la kwenda na la kurudi mwishoni mwa mkono, ukifuata mshale. Valvu yake ya kubana iwe wazi kabisa kabla ya kuwasha. Ikiwa imefungwa, presha yote ya mtambo inaingia kwenye kifaa hicho mara ya kwanza pedali inapokanyagwa.

Washa kwa kasi ya injini ya kazini, chagua hali ya breka, kanyaga. Soma lita bila mzigo. Kisha bana polepole hadi bar 160 au 170 na usome tena. Hii ya pili ndiyo lita ambayo breka itapata, na ndiyo ya kulinganisha na kibao. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikishuka kwa theluthi, ama rilifu inavuja mapema, ama pampu imechoka, ama injini inazidiwa na kompyuta inaipunguzia pampu mzigo. Endelea kubana hadi lita zianguke ghafla: hapo rilifu imefunguka kabisa, andika presha hiyo na uiachie mara moja. Kuirekebisha, legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu robo mzunguko, pima upya. Anza kutoka chini kupanda juu.

Baada ya hapo funga breka, weka geji ndogo karibu na bandari yake ya kutokea, na upige jiwe. Presha ya nyuma ikizidi kitabu, rudi nyuma kipande kwa kipande: kaplingi, valvu ya mpira, valvu ya kugeuza, filta. Geji ikihamishwa kutoka kipande hadi kipande, mahali inaposhuka ghafla ndipo penye kizuizi.

Kufungua hozi bila kuumia

Mtambo uliozimwa bado una presha kwenye laini. Shusha kifaa chini, zima injini, rudisha ufunguo kwenye hali ya kuwasha bila kuitekenya injini, weka lever ya usalama katika hali ya kazi, kisha kanyaga pedali ya laini ya ziada mara kadhaa pande zote zinazoruhusiwa. Akyumuleta ya paileti huweka nguvu ya kusogeza spuli kwa muda mfupi tu, kwa hiyo fanya mapema. Legeza kifuniko cha tanki taratibu. Ndipo ufungue hozi, nayo kwa kuilegeza kidogo kwanza.

Usitafute tundu dogo kwa kiganja. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la sindano kwa bar 200 yanapenya ngozi, na jeraha lake siku ya kwanza huonekana kama mchomo mdogo usio na maumivu makubwa. Huo ni dharura ya upasuaji. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kuwa ni mafuta ya haidroliki kwa presha. Tumia kipande cha kadibodi kutafutia.

Hozi zikishafunguliwa zizibwe, zote nne: mbili za mtambo na mbili za kifaa. Vumbi la kokoto likiingia bandari ya breka linapita breka, linafika filta, na lile dogo linalopenya linaendelea hadi kwenye pampu.

Oili na grisi

Breka huchosha oili kwa joto, mikupuo, na vumbi linaloingia kupitia tindo. Baadhi ya watengenezaji wa ekskaveta hushusha muda wa kubadili oili hadi saa 600 na filta ya kurudi hadi saa 100 kwa mtambo unaopiga breka muda wote, ilhali mtambo huo huo ukichimba kwa baketi huenda saa elfu kadhaa. Anayefuata ratiba ya baketi huku anapiga breka anachelewa sana. Joto la kazi lililo zuri ni nyuzi 50 hadi 80. Likikaa juu ya 80, oili inakuwa nyepesi, mafuta yanavuja ndani ya pampu, na sili za mpira zinaanza kukakamaa. Kwenye ukanda wa pwani na mabonde ya joto, oili nzito ya VG 68 mara nyingi inafaa kuliko ile nyepesi ya VG 46, mradi kitabu cha mtambo kinairuhusu.

Grisi ya tindo ina uhusiano wa moja kwa moja na haidroliki. Ipakwe kila saa mbili hivi za kupiga, grisi maalumu ya tindo inayostahimili joto, breka ikiwa wima na tindo limekandamizwa chini hadi lipande juu. Ikipakwa breka ikiwa imening'inia, grisi inajaa nafasi kati ya pistoni na tindo, na pigo la kwanza linaisukuma kwenye sili.

Naitrojeni ya breka ijazwe kwa kipimo cha kitabu, na iwe naitrojeni tu. Oksijeni ikikutana na oili kwa presha hulipuka, na chupa za karakana hufanana kwa mbali.

Dalili, na mahali pa kuanzia

Hozi zinaruka-ruka kuliko kawaida: naitrojeni ya akyumuleta imepungua au mpira wake umetoboka. Breka inapiga vizuri asubuhi na kudhoofika kufikia saa sita: joto, na nyuma ya joto kuna presha ya kurudi au rilifu inayofunguka mapema, linganisha vipimo vya baridi na vya moto. Inapiga haraka mno bila nguvu: mafuta mengi, presha ndogo, mara nyingi hali ya skrini si ya breka. Inapiga pigo moja moja na kusimama: ama mtiririko haufiki kiwango cha chini, ama spuli ya ndani imekwama kwa uchafu, ama opereta hajaikandamiza vya kutosha. Inapiga vizuri hadi bumu linyanyuliwe: hilo si ugonjwa, bumu limechukua sehemu ya mafuta, na opereta asinyanyue huku anapiga.

Oili ya kijivu au yenye povu: inaingia hewa upande wa kunyonya, au bomba la kurudi lililoongezwa limeishia juu ya usawa wa mafuta ndani ya tanki. Joto la mtambo mzima linapanda hata breka ikiwa haifanyi kazi: pedali imekwama kidogo na spuli haijarudi katikati. Shika bomba la kwenda kwa mkono wenye glavu. Likiwa na joto wakati hakuna anayekanyaga, hapo ndipo pa kuanzia.